Krimu au kijivu? Sebule imetugombanisha

Shikamoo fundi,

Naandika kutoka Tanga, Chumbageni. Mimi na mume wangu tumehamia kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Vyumba vya kulala tumeshavimaliza, jiko pia. Imebaki sebule, na hiyo sebule ndiyo iliyotushinda. Mimi nataka kijivu, yeye anataka krimu. Tulianza kwa mzaha, sasa hivi mtu akitaja rangi mezani mwenzake anainuka kwenda kunawa.

Kijivu nilikiona kwenye simu, nikahifadhi picha. Kuta za kijivu chepesi, mapazia meupe, chumba kimetulia kabisa. Baba Nadia anasema krimu ndiyo rangi ya nyumba ya watu, inapokea mgeni na haichoshi. Mama mkwe yuko upande wake, bila shaka. Wifi yangu yuko upande wangu, lakini anaishi Muscat, kwa hiyo kura yake haihesabiwi.

Fundi tuliyempata alitupakia viraka viwili ukutani, kimoja kando ya kingine, kila kimoja kama ukubwa wa gazeti, juu ya rangi ya zamani ambayo ni pichi. Hapo ndipo ugomvi ulipokolea. Mimi naona kijivu. Mwenzangu anaapa ni bluu, tena anaiita bluu ya wodini. Nikamwambia na hiyo krimu yako ni njano ya siagi. Mchana tunaelewana kidogo, usiku taa zikiwaka kila mtu anakuwa na hakika zaidi ya mwanzo.

Nikueleze chumba. Ni mita 4 kwa 5, kwenda juu kama mita 2.8, dari ya jipsamu nyeupe. Dirisha kubwa liko mashariki, linatazama baraza na mti wa mwarobaini. Lingine liko kusini, linatazama uchochoro wa hatua nne hivi, na ng'ambo yake ni ukuta wa jirani ambao aliupaka bluu bahari mwaka juzi. Televisheni iko ukuta wa kaskazini. Sakafu ni vigae vya rangi ya maziwa vyenye michirizi ya kahawia, hivyo hatuvigusi. Taa ni balbu zile nyeupe za kawaida. Kuta zenyewe, kuanzia kiunoni kushuka chini zina rangi ya mafuta ya kahawia iliyopakwa enzi za baba mkwe, nayo tunataka ipotee. Tuna mtoto wa miaka mitatu anayeshika ukuta kila akitoka kula.

Je, tupake krimu au kijivu? Tukipaka kuta tatu krimu na ukuta wa televisheni kijivu, si itakuwa suluhu? Na fundi anataka tununue ndoo ya lita 20, anasema pungufu ya hapo chumba hakiishi. Watu wa posa ya mdogo wangu wanakuja baada ya wiki tatu, na Novemba ndiyo hii, vuli imeshaanza.

Nisaidie, na kama haki ni yangu nipe hadharani asome.

Mama Nadia, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Haki nitaigawa. Sebule hiyo pakeni krimu, ila isiwe hiyo ya Baba Nadia. Na kwenye ugomvi wa kiraka, wote wawili mnaona sawasawa. Kijivu chako ni kijivu kweli, na bluu anayoiona mumeo ipo kweli. Haikutoka kwenye kopo tu, na ndiyo maana mkirudi dukani kubishana na muuzaji hamtapata kitu.

Nianze na viraka. Fundi wenu amevipaka juu ya pichi, tena vikiwa vimegusana. Jicho halisomi rangi peke yake, linaisoma kwa jirani yake. Kijivu kikizungukwa na pichi kinasukumwa kuelekea bluu, kwa sababu bluu ndiyo kinyume cha pichi. Kikikaa ubavuni mwa krimu kinasukumwa tena huko huko. Na krimu nayo, ikikaa na kitu chenye ubluu, inazidi unjano. Mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alikutana na jambo hili alipokuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta rangi haina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu zilifumwa kando ya bluu na zambarau. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake kwa urefu. Nyinyi mmeufanya mtihani wake ukutani bila kujua, kisha kila mmoja akachukua jibu la nusu.

Sasa dirisha la kusini. Hapa ndipo ningekuomba usome taratibu, maana ndipo picha ya kwenye simu inapokudanganya zaidi. Maelezo mengi ya rangi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Utasoma kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi na cha kusini kina jua. Kwao ni kweli, London jua la saa sita liko kusini mwaka mzima. Tanga iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, jua linahama. Kuanzia mwezi Machi hadi mapema Oktoba, jua la saa sita liko upande wenu wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini.

Fikiria sasa ukuta wa jirani. Upande wake unaotazama dirisha lako ni upande wa kaskazini. Leo Novemba uko kivulini, unakurudishia bluu ya kiasi tu. Ikifika Machi jua linaanza kuugusa, na ikifika Juni, kwa uchochoro wa hatua nne, jua la mchana litakuwa linaupiga vizuri, nao utakuwa unamimina bluu dirishani kwako mchana kutwa. Mwanga huo unaingia moja kwa moja na kutua kwenye ukuta unaolitazama dirisha, yaani ule wa televisheni. Kwa hiyo ile suluhu yako ya kuta tatu krimu na mmoja kijivu imechagua ukuta mbaya kuliko yote. Baba Nadia analalamika wodi na hata msimu wenyewe wa bluu haujafika.

Kumwomba jirani apake upya si ushauri nitakaoutoa mimi.

Dirisha la mashariki lina mambo yake. Jua la asubuhi linachujwa na mwarobaini, na majani yanarudisha kijani. Ni kidogo, lakini kinatosha kuiharibu krimu yenye unjano wa limau, inageuka kama embe lisilokomaa. Hii ndiyo sababu nimeikataa krimu ya mumeo. Umeiita njano ya siagi, na hata ukitoa chumvi ya ugomvi nadhani umesema kweli. Kuna krimu zinazoegemea njano, zinazoegemea pinki, na zinazoegemea mchanga, ambazo zina udongo kidogo na kijivu kidogo ndani yake. Hiyo ya mchanga ndiyo yenu. Kijani cha mti hakiipotoshi sana, bluu ya jirani inaipoza bila kuigeuza, na ile michirizi ya kahawia kwenye vigae inapata ndugu ukutani.

Vigae ndivyo vingetakiwa kuulizwa kwanza kabla ya mama mkwe. Kitu ambacho hakibadilishwi ndicho kinachoamua, na sakafu ya kahawia na maziwa haipatani na kijivu cha baridi. Kila kimoja kitamfanya mwenzake aonekane mchafu. Kijivu kinachopatana nayo kipo, chenye udongo ndani, lakini ukikitazama vizuri utakuta ni binamu wa hiyo krimu ya mchanga, kimekoza tu.

Utaijuaje inaegemea wapi? Chukua kadi za dukani, usizitazame zikiwa kwenye kitabu chao ambako kila rangi imezungukwa na wenzake. Ilaze kadi moja juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia, utoke nayo mlangoni mwa duka. Mbona kitenge hununui bila kukitoa nje kwenye mwanga? Juu ya karatasi nyeupe, krimu iliyokuwa krimu tu ghafla inasema mimi ni limau, na kijivu kinasema mimi ni bluu. Kisha geuza kadi. Kampuni nyingi huandika nyuma yake namba ya kurudisha mwanga, kutoka 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 100 ambayo ni nyeupe kabisa. Krimu nyepesi huwa kati ya 70 na 80. Kijivu cha kati kinaweza kuwa 50 au chini ya hapo. Sebule yako haina dirisha la magharibi, na la kusini limezibwa na ukuta, kwa hiyo kuanzia alasiri chumba kinaishi kwa mwanga wa kuazima. Usishuke chini ya 65.

Nije kwenye taa, ambazo ni za kubadilisha kabla hujagusa hata brashi. Soma boksi la balbu. Karibu nina hakika limeandikwa 6500K, maana hizo ndizo zimejaa madukani kwetu. Namba hiyo ikipanda mwanga unaelekea bluu, ikishuka hadi 3000K au 2700K unaelekea njano ya taa za zamani. Ukimulikwa na mwanga wa 6500K, kijivu chako lazima kivae sare ya wauguzi, ndiyo maana usiku mumeo anakuwa na hakika zaidi. Ukikimbilia 2700K nako, krimu itakuwa siagi na utakayeshinda ni wewe. Kwa sebule hiyo ningeweka 4000K, au 3000K kama mnapenda mwanga uliotulia jioni. Balbu zote za chumba ziwe namba moja. Nimeona nyumba nzuri zina balbu tatu za rangi tatu kwenye dari moja na mwenye nyumba anamlaumu fundi rangi.

Na hukuniambia vioo vya madirisha ni vya rangi gani. Kama ni vile vya aluminiamu vyenye giza la bluu au kijani, chukulia kila nilichosema juu ya bluu na kijani mara mbili.

Baada ya hapo fanyeni jaribio kwa haki. Tafuta boksi kubwa, la jokofu au la televisheni, ulikate vipande viwili vya kama sentimita 60 kila upande. Paka kwanza nyeupe, ikauke, kisha kipande kimoja krimu ya mchanga na kingine kijivu chenye udongo, kila kimoja mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Acha ukingo mweupe pande zote ili pichi isipate nafasi ya kusema. Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi ya maji mara nyingi ikikauka inakoza kidogo. Kisha kitu ambacho watu hawafanyi: vitazameni kimoja kimoja. Kimoja kikiwa ukutani, kingine kiwe chumbani kimefichwa. Nyumba haitaishi na rangi mbili zikishindana, itaishi na moja. Kisimamishe kwenye ukuta wa televisheni, kisha ule wa dirisha kubwa, kisha pembeni kwenye kona yenye giza, kisha chini kabisa kikigusa vigae. Kitazame saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na usiku taa mpya zikiwa zimewaka. Ukutani rangi itakoza zaidi ya kwenye kadi kwa sababu kuta nne zinarudishiana, kwa hiyo mkiwa mmegawanyika kati ya ngazi mbili za rangi ile ile, chukueni iliyo nyepesi.

Ukishaipata, ichanganywe kwa mashine dukani, yote kwa mara moja, na uhifadhi namba ya mchanganyiko. Nimewaheshimu mafundi maisha yangu yote, mimi ni mmoja wao, lakini fundi anayekoleza krimu kwa vichupa ndani ya ndoo hawezi kuirudia rangi ile ile wiki ijayo pakihitajika kiraka.

Kuhusu lita 20, tufanye hesabu. Mzunguko wa chumba ni mita 18. Zidisha kwa 2.8, unapata mita za mraba 50 na kidogo. Ondoa madirisha na milango, tuseme 8, zinabaki 42. Mikono miwili ni 84. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa skimu vizuri, ile lipu laini ya kusawazisha, inafunika mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo unahitaji kama lita 8 na nusu. Nunua makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1, kinachobaki ni cha kuzibia alama za vidole. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ni hesabu nyingine, msiichanganye humo. Zile lita 11 za ziada sijui anataka kuzipeleka wapi, muulize kwa upole.

Sasa lile la chini, rangi ya mafuta ya marehemu mkwe. Rangi ya maji ikipakwa juu yake bila matayarisho itabanduka kama ngozi, tena mtoto ndiye atakayeianza. Inatakiwa ipigwe msasa hadi mng'ao ufe, ipakwe praima ya kushika, kisha skimu isawazishe ule ukingo wa kiunoni, la sivyo jua la asubuhi litauchora mstari huo kila siku hata chini ya rangi mpya. Lakini hapa sitanii: rangi za mafuta za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linamdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba. Siku hizi kikomo cha risasi kwenye rangi kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ni sehemu 90 kwa milioni. Za zamani zingeweza kuwa mbali sana na hapo. Nadia ahamie kwa bibi yake siku za msasa. Fundi atumie msasa wa maji, ukuta ukiwa umeloa, avae barakoa, asiichome rangi kwa moto. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Kwa vidole vya mtoto chukua silki, ile yenye mng'ao kidogo, inafutika. Mati, ile isiyong'aa, inaficha makosa ya ukuta lakini ukiisugua inabaki na doa linalong'aa. Silki ina ubaya wake: mwanga wa pembeni unaonyesha kila bonde la skimu, kwa hiyo fundi atembeze tochi ukutani usiku kabla ya mkono wa kwanza. Kama kuna unga mweupe chini ya ukuta, na nyumba za pwani hazikosi chumvi, uondolewe kwa brashi kavu na mtafute maji yanatoka wapi, maana hakuna rangi itakayokaa hapo.

Kijivu chako hakijafa. Kipeleke kwenye mito ya makochi, na ukitaka kwenye mapazia mazito, chenye udongo, si kile cha baridi. Kwenye dirisha la kusini ongeza pazia jepesi la krimu ndani yake, linapasha joto ule mwanga wa jirani kabla haujafika ukutani. Ukuta wa televisheni uache kama wenzake.

Wiki tatu zinatosha mkianza na taa na maboksi wiki hii, msasa na skimu wiki ijayo, rangi wiki ya mwisho. Kwenye makopo wameandika rudia baada ya muda wa saa nne, lakini vuli ikinyesha na hewa ikiwa nzito, mkono wa pili upigwe kesho yake, madirisha yakiwa wazi. Skimu ndiyo inayochelewa zaidi, na fundi akikuambia imekauka, weka kiganja chako mwenyewe. Ikiwa ya baridi bado ina maji. Na kama wenye posa watafika ukuta haujawa tayari, tandikeni mikeka barazani chini ya huo mwarobaini, sebule mfunge mlango.